Skuli Haiulizwi kama Posa

Shee, mume wangu mdogo,

Salamu ni za Mungu, hizo nakupa kwa moyo safi. Mengine yote ya humu nakupa kwa hasira. Siku ya nne hii hunisemezi. Wapita mbele yangu kama wapita mbele ya kinu, wali wangu waula ukitazama ukuta, na asubuhi umeondoka kwenda Faza kuwaaga watu wa kwa babako bila hata kunigongea mlango. Vyema. Kesho wasafiri, na mimi siwezi kusema na mtu aliyeziba masikio. Barua hii nitaitia kwenye sanduku lako, chini ya mashuka, na huko uendako utaisoma, hasira zako zikiwa zimepoa au zimezidi.

Anayeandika ni mjomba wako Kombo. Mimi wajua sikutiwa skuli. Nimemkalisha hapa ukumbini tangu tulipomaliza kuswali alasiri, nikamwambia aandike ninavyosema, asinirembeshee. Naona anayanyoosha maneno yangu yawe ya kiskuli skuli. Hilo namsamehe. Kupunguza ndiko nilikomkataza, maana humu mna mambo yake mwenyewe, na hayatamfurahisha kuyaandika.

Usingoje nikwambie vaa kofia, funika chakula, fua mapema. Mamako amekujaza hayo tangu mwezi ulipoandama. Mimi nataka ujue kwa nini huendi kwenye ile skuli ya bendera na tarumbeta wanakokwenda wenzako, na kwa nini wapelekwa kwenye mabanda ya bati. Zote mbili ni sekondari za serikali, zote mbili ulipata nafasi, na babako alikuwa upande wako. Mimi ndiye niliyekataa. Nawe ukaenda kuwaambia vijana wenzako, "Skuli yangu imechaguliwa na bibi asiyejua alifu wala bee." Nimesikia. Nimesikia na walivyocheka. Kweli sikusoma. Lakini ungengoja kwanza usikie nilivyochagua mara ya kwanza, ungepata la kuchekea zaidi.

Wajua kazi yangu katika mji huu. Posa ikija katika nyumba yoyote ya Mbwajumali, naitwa mimi nikaulizie. Nauliza, huyu mtoto wa nani? Mama yake katoka nyumba gani? Babu yake alikuwa mtu wa namna gani? Wanaswali? Wana maneno na jirani? Nakwenda kwao, nakaribishwa, nakunywa kahawa yao, natazama mlango, natazama chokaa ya kuta, namtazama mama mtu anavyoshika kikombe. Nikirudi nikisema "ni watu," basi ni watu, na harusi inapangwa. Nimeuliza posa za nusu ya mji huu, na ndoa zilizovunjika katika hizo sina haya kuzitaja, ni chache.

Basi alipofaulu Kombo, akapata nafasi sekondari, mtoto wa kwanza katika ukoo wetu mzima, mimi nilifanya kazi niliyoijua. Niliiulizia skuli kama naulizia posa. Nilipanda boti nikenda. Mkubwa wa skuli alikuwa Mzungu ambaye wazazi hatukumuona. Aliyetupokea ni naibu wake, Maalim Yahya, kanzu inang'aa, kofia ya kazi ya mkono, sauti utadhani asoma maulidi. Nikamuuliza kwao wapi. Akanitajia. Nikamuuliza babu yake. Akanitajia, na kumbe babu yake na amu yake mamangu walisomeshwa Kurani na shekhe mmoja, huko Siyu. Shee, nililia kwa furaha! Nikaonyeshwa nyumba, ina matao, ina kuta nyeupe, ndia ya kuingilia imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Msikiti uko pale pale mlangoni. Nikatazama ule mlango wa skuli nikahesabu maua yake ya kuchonga. Nikarudi Mbwajumali nikasema, "Ni watu."

Sikuuliza nani anafundisha hesabu. Sikuuliza nani anafundisha chochote. Ningeulizaje? Katika posa hatuulizi hayo.

Likizo ya kwanza Kombo akarudi amekonda. Hata maji hajanywa, akaniambia, "Mama, hatusomi."

"Hamsomi vipi?"

"Mwalimu wa hesabu amehamishwa, hajaja mwingine. Mchana twapanga mawe na kuyapaka chokaa. Jioni twafunzwa gwaride, maana atakuja mkubwa kutoka Nairobi kututazama."

Nikamwambia, "Nyamaza! Mtoto wa watu kama wale hawezi kukuweka bure."

Hapa nataka unielewe, mume wangu. Sisi, bibi arusi akirudi kwao na manung'uniko kabla ya mwaka kwisha, hatumsikilizi. Tunampikia, tunamfukiza udi, tunamwekea sahani ya haluwa mkononi, tunamrudisha. Ndivyo nilivyorudishwa mimi na mamangu, nami ndivyo nilivyowarudisha mabinti wa watu, wengine wakilia njia nzima. Basi nikampikia Kombo kwa wiki tatu akanenepa, nikatengeneza haluwa, nikampeleka mwenyewe mpaka mbele ya Maalim Yahya. Nikasema, "Maalim, mwanangu amekusengenya kwangu. Mpe mkono akubusu, akuombe radhi." Na Kombo akambusu mkono.

Amesita kuandika. Ameweka kalamu chini, ametoka uani. Nimekaa nikingoja, nikasema moyoni, basi, barua imekwisha. Amerudi na kata ya maji, amekunywa, ameniambia, "Mama, sikumbusu. Niliinama tu nikaliza midomo hewani."

"Wallahi?"

"Wallahi. Ulikuwa nyuma yangu, hukuona."

Shee, nimecheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Miaka yote hii hakuniambia. Namwambia aandike na hili, anatikisa kichwa, lakini anaandika.

Miaka minne alikaa kule. Kila likizo alirudi na daftari zake, kila likizo mimi nikazipangusa mchanga nikazitia kwenye kasha kubwa pamoja na nguo zangu za sikukuu, nazo zikanuka udi. Tangu siku ya haluwa hakusema tena kuwa hawasomi. Mimi nikafurahi, nikasema ameshika adabu. Ulipokuja mtihani akakaa akaona maswali. Aliniambia baadaye, "Karatasi ile ilikuwa kama imeandikiwa watu wengine." Akaanguka. Waliopita ni wale wenye baba zao waliowalipia mwalimu wa jioni mjini. Maalim Yahya akaleta salamu kuwa mtoto hakuwa na akili. Na mimi, mamake niliyemzaa, nikakubali! Nikamwita mvivu mbele ya watu, hapa hapa barazani, na wapita ndia wakisikia. Leo mjomba wako analima tumbaku katika shamba la mtu. Alikwenda boma la Lamu kutaka ukarani, akaulizwa cheti. Mtu ambaye mafundi wa nyumba humwita awapimie kwa kamba, akawaambia mawe mangapi yatatosha, na hakosi.

Nasema haya yeye akiwa mbele yangu, kalamu mkononi. Kombo, nilikukosea. Andika hivyo. Andika, usinitazame.

Basi Mwenyezi Mungu alinifumbua mato namna hii. Mwaka wa juzi mkewe Kombo alilifungua lile kasha kuanika nguo, akazitoa zile daftari, akataka kuzitumia kufungia karanga. Alikuwapo mgeni, yule mwalimu kijana wa skuli ndogo ya Faza aliyekuja kununua nazi. Akaiokota moja akafunua. Akafunua tena. Akaniuliza, "Bibi, hizi alikuwa akizisahihisha nani?"

"Kusahihisha ndiko kufanya nini?"

Akatoa mfukoni daftari la mwanafunzi wake mmoja, mtoto mdogo wa darasa la tatu, akalifungua kando ya lile la Kombo. Lake lilijaa wino mwekundu, alama hapa, mstari pale, maneno pembeni. La Kombo kurasa tatu za mwanzo zilikuwa na wekundu, kisha likawa jeupe mpaka mwisho. Tukafungua la pili. Jeupe. La tatu. Jeupe. Miaka minne mwanangu aliandika kama mtu asemaye peke yake ndani ya nyumba tupu.

Sikulala siku mbili. Kutojua kusoma si kosa langu. Wekundu naujua! Hina naijua, damu naijua, tambuu naijua. Kila likizo zile daftari zilipita mikononi mwangu, nikazipangusa, na ningezifungua tu ningeona. Hakuhitajiwa mtu aliyesoma. Alihitajiwa mtu wa kufungua.

Sasa wajua nilikokuwa ule wakati mliposema nimekwenda kuzuru jamaa bara. Nilikwenda kwenye skuli zako mbili.

Nilianza na ile ya bendera. Maalim Yahya bado yupo, amezeeka vizuri. Mawe ya chokaa yapo, yameongezwa. Akaniagizia kahawa.

"Kahawa nimekunywa nilikofikia," nikamwambia. "Nataka kuona daftari."

"Daftari la nani, Bi?"

"La mtoto yeyote. La yule anayepita."

Akacheka, kwa adabu. "Bi wajua kusoma?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja kutazama."

"Mambo ya daftari tuachie sisi walimu. Skuli hii imetoa makarani, imetoa watu wakubwa. Uliza popote pwani."

"Na walioanguka?"

"Hao, Bi, Mungu hakuwapa."

Nikamuuliza, "Kombo wangu wamkumbuka?"

Akafikiri. Akasema, "Kombo yupi?"

Miaka minne, Shee. Miaka minne Kombo alifagia uwanja wake, akapaka mawe yake, akapiga gwaride mbele ya wageni wake, nami nikamletea haluwa kwa mkono wangu. Kombo yupi! Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo mjomba wako amekataa kuyaandika, na hapo nimemkubalia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, kunako visima, nikawakuta vijana wafua nguo. Nikamwomba mmoja daftari lake. Kurasa nne nyekundu, zilizobaki nyeupe. Nikamuuliza, "Mwalimu wenu wa hesabu yuko wapi?" Akatazama huku na huku akasema, "Bibi, twangoja." Kwa nyuma nasikia tarumbeta. Walikuwa wakijifunza kumpokea mkubwa.

Kisha nikenda kwenye ile ya mabati. Ilikuwa kambi ya askari wakati wa vita, na sura ya kambi haijaitoka. Hakuna tao. Hakuna mlango wa kuhesabu maua, mlango wenyewe umefungwa kwa waya. Hakuna aliyenipokea. Nikazunguka jikoni nikamkuta mpishi, nikaonja maharagwe, mabaya, yana wadudu, nitakwambia ukweli. Maji ya kisima yana chumvi. Mwalimu wa Kiingereza, mpishi mwenyewe kanong'ona, hupenda kunywa tembo siku za malipo. Msikiti uko mbali. Nikaona, hapa sitomleta mtu wangu, nikageuka kuondoka.

Ndipo akatoka darasani mtu mfupi, shati limekunjwa mikono, kidole gumba chekundu kama cha bibi arusi aliyetiwa hina na mtu asiyejua kazi. Ni mwalimu wa hesabu. Nikamuuliza kwao wapi, ulimi wangu umezoea. Akanitajia nti ya bara huko mbali, jina sikulishika, hata kulitamka siwezi. Si Mwislamu. Babake simjui, babu yake simjui, na angekuja kuposa Mbwajumali ningemtolea kahawa nusu kikombe nikamwonyesha ndia.

Nikamuuliza, "Walioanguka hapa mwaka jana ni nani?"

Hakucheka. Aliinamisha uso kama mtu aliyeulizwa juu ya msiba. Akanitajia majina, mmoja mmoja, Shee, bila karatasi. Huyu alishikwa na homa miezi miwili, sikumfidia masomo. Huyu hakuelewa sehemu fulani mimi nikadhani ameelewa, lile ni kosa langu. Huyu alikuwa mtukutu, hilo lake. Huyu sasa yuko kwao, namwandikia, atajaribu tena.

Kisha akaniambia, "Mama, mjukuu wako akikosea nitamwambia amekosea. Ukitaka asifiwe, kule wana tarumbeta."

Niliona daftari pale, nimefungua mwenyewe, kumi na zaidi. Zinatisha kwa wekundu. Nikarudi nikamwambia babako, na babako akapiga kelele, na mamako akalia, na wewe ukanuna. Na mji ukapata la kusema. Bi fulani, humtaji wewe wala mimi, alinipitia mlangoni juzi: "Eti Bi Khadija, mjukuu wampeleka kwa makafiri akahesabu bati?" Nikamwambia, "Wako mpeleke akapake mawe, Inshallah atakuja kukupakia kaburi." Haikuwa kauli nzuri. Nitakwenda kumwomba radhi, ila si wiki hii.

Kuhusu swala nimeuliza. Mwaruhusiwa, mna pahali pa kutawadha, na Ijumaa mwapewa nafasi ya kwenda msikitini. Dini yako hukupewa na mlango wa skuli, hautaichukua mlango wa skuli. Mimi naogopa zaidi ule msikiti niliouona mlangoni kwa Maalim Yahya, maana niliutazama huo nikaacha kutazama mengine.

Sasa hasira zangu nimekuonyesha zote, nina neno la mwisho, na hili nina haya nalo. Sijui kama nimepatia. Nilikuwa na yakini mara ya kwanza, yakini kamili, nikamharibia mtu miaka yake. Safari hii nina wekundu wa wino na majina ya watoto walioanguka, na hivyo si vitu vikubwa. Pengine yule mwalimu mfupi atahamishwa mwezi ujao, serikali huwahamisha kama vyombo. Pengine yule wa tembo ndiye atakayebaki. Mimi niliona siku moja, wewe utaishi humo. Mwenye kujua skuli ni anayekaa ndani yake, na nilipokuwa na mtu aliyekaa ndani, akaja akaniambia kwa kinywa chake, nilimtilia haluwa mkononi nikamrudisha.

Kwa hiyo sikuombi uvumilie. Watu wote watakuombea uvumilivu kesho pale bandarini, utaitikia amin, vizuri. Mimi nataka utazame. Mwalimu akikosa kuja siku moja, ni mtu, ana mwili. Akikosa wiki, niandikie. Wekundu ukikatika daftarini, niandikie. Mkianza kupanga mawe, niandikie siku hiyo hiyo, hata kama mawe yenyewe ni mazuri. Na ukiona ni wewe mvivu, useme pia, nitakutukana kwa barua na tutaendelea.

Kombo ananiuliza, "Mama, na akidanganya kwa sababu amewakumbuka wenzake?" Swali zuri, na ni haki yake kuliuliza. Nimemjibu, afadhali nidanganywe na Shee mara kumi kuliko kumrudisha mara moja akisema kweli. Ameliandika hilo polepole kuliko mengine yote.

Jua linateremka na wewe hujarudi kutoka Faza. Ukiingia ukinisalimu, nitaitika. Ukinuna, nitakutilia wali. Likizo ukija usiniletee kanga wala tende. Njoo na daftari zako zote, hata zile unazozionea haya, uziweke mapajani mwangu, nami nitazifungua moja moja.

Na siku utakapoandika, "Bibi, hatusomi," sitomwuliza mtu wewe ni mtoto wa namna gani, wala mwalimu wako ni mtu wa kwa nani. Nitakuja kukuchukua. Nikukute umeshafunga mzigo.

Bibi yako,
Khadija